Maadili ya Wapambaji na Haki ya Kutajwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Maswali haya huulizwa na wapambaji wanaoanza kazi, na mabibi harusi, na mara nyingine na mama zao, ambao ndio hasa wanaojua kuuliza. Anayejibu ni mpambaji wa mjini Unguja ambaye kazi yake kubwa ni harusi, kwa hivyo mpambaji wa filamu au wa televisheni atakuta baadhi ya majibu hayamhusu moja kwa moja.

Mekapu huoshwa usiku ule ule. Kuna haja gani ya kutaja jina la aliyepaka?

Haja ni mbili, na wengi wetu huikumbuka moja tu. Ya kwanza ni riziki. Kabati la seremala hubaki sebuleni miaka ishirini likimtangaza aliyelitengeneza, lakini kazi yetu haifiki asubuhi, na mteja wa kesho huja kwa sababu alisikia jina likitajwa na mteja wa jana. Haja ya pili ni dhamana. Jina linalotajwa kazi inaposifiwa ndilo litakalotafutwa siku ngozi itakapovimba, na mteja ana haki ya kujua ni nani aliyemshika uso, alimpaka nini, na anapatikana wapi. Mpambaji anayetaka kutajwa kila ukumbi, lakini hana daftari la vipodozi alivyomtumia kila mteja, ametaka nusu ya jambo.

Picha ya bibi harusi niliyempamba ni ya nani?

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa hivyo jibu ni refu. Ndani ya picha moja mna haki za watu watatu. Aliyeipiga ana hakimiliki ya picha, isipokuwa kama makubaliano yanasema vingine. Aliyepamba anastahili kutambuliwa kwa kazi yake. Na mwenye uso ana uso wake. Kwetu Zanzibar haki hii ya tatu ndiyo inayotangulia. Bibi harusi anayepambwa kwa ajili ya ukumbi wa wanawake hukaa kichwa wazi, nywele zimebanwa na kutiwa asumini, pengine mabega yako nje, na amekubali kukaa hivyo kwa sababu anajua kwamba macho yatakayomwona ni ya wanawake waliokwenda kumtunza. Katika harusi nyingi mwenye shughuli hutangaza mapema kwamba picha za simu haziruhusiwi ukumbini. Tangazo hilo halimfikii mpambaji, kwa sababu yeye ameingia chumbani saa nyingi kabla ya wageni, na simu iko mkononi mwake kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya kukagua kazi. Ruhusa ya kuingia na simu si ruhusa ya kutoka na sura ya mtu.

Idhini basi iombwe siku ya kuweka miadi. Isiombwe bibi harusi akiwa kitini, kope moja imeshabandikwa na nyengine bado, huku nje wifi zake wanagonga mlango wakisema gari imefika. Mtu aliye katika hali hiyo hukubali kila anachoulizwa ili shughuli imalizike. Tena iombwe kwa vifungu: uso mzima, macho tu, au mikono tu, kuwekwa mtandaoni, kuoneshwa wateja wanawake wanaokuja saluni, au kutotoka kabisa. Anayejibu awe ni yeye. Somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, akisema "weka tu mwanangu, kapendeza", na mama akacheka, bado idhini haijapatikana. Akitaka kushauriana na mumewe, apewe nafasi hiyo bila kusukumwa, na ukimya wake wa wiki mbili uhesabiwe kuwa ni hapana.

Alikubali, na sasa anataka picha iondolewe. Nifanye nini?

Iondoe siku hiyo hiyo wala usimuulize sababu. Huenda ameachika, huenda ameanza kuvaa nikabu, huenda amechoka tu kujiona, na hakuna hata moja kati ya hayo linalokuhusu. Waombe pia wale uliowapa picha hiyo waiondoe. Ukweli ni kwamba nakala ambazo watu wameshazihifadhi kwenye simu zao hazirudi, na jambo hilo ulipaswa kumweleza kabla hajakubali mara ya kwanza.

Kama sioneshi nyuso, nitajulikana vipi?

Wapambaji wa visiwa hivi walijulikana kabla ya simu kuwa na kamera. Walijulikana kwa masomo na makungwi, na somo mmoja wa Jang'ombe aliyeridhika na kazi yako anaweza kukuletea harusi nyingi kuliko ukurasa wenye wafuasi elfu kadhaa. Njia hiyo bado iko hai, na haihitaji picha.

Ukitaka picha, ziko namna za kuonesha ufundi bila kumtoa mtu. Jicho moja lililopigwa kwa karibu, kuanzia kwenye unyusi hadi juu ya shavu, linaonesha jinsi wanja ulivyochorwa, jinsi rangi za kope zilivyochanganyika, na kama kope za bandia zimeshika pembeni au zimeinuka. Fundi mwenzako atakujua kwa jicho hilo moja. Mikono yenye hina hupendeza peke yake, ila kumbuka kwamba pete, bangili na kovu huweza kumtambulisha mtu, kwa hivyo nayo huombewa ruhusa. Unaweza pia kumlipa msichana aliyekubali kwa maandishi kuwa mfano wako, au kujipamba mwenyewe.

Kisha kuna kutajwa kwa mdomo, ambako naona tumekudharau. Mshereheshaji wa ukumbini hutaja majina ya waliotunza, ya waliotoka Pemba na ya waliotoka Dar es Salaam, kisha anasahau kumtaja aliyempamba mwenye shughuli. Mwombe mama wa harusi, wakati wa kupatana, kwamba majina ya mafundi wote yasomwe. Ni sekunde chache, na wanaosikia ni wateja wenyewe wamekaa mbele yako.

Harusi moja ina mafundi wengi. Nani anastahili kutajwa?

Kila ambaye kazi yake inaonekana au inanukia. Yuko aliyemsugua bibi harusi kwa singo, dawa ya kusugulia mwili, kwa siku kadhaa, na ngozi ambayo mpambaji anasifiwa kwayo kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mikono yake. Yuko mchoraji wa hina, yuko msusi, yuko aliyefunga ushungi, yuko aliyetunga asumini na kufunga vikuba, yaani vifungu vya maua ya kunukia, kwa mkadi, langilangi na rihani. Mara nyingi jina linaloandikwa chini ya picha ni la mpambaji na la mpiga picha tu, na aliyekesha akitunga maua hupewa nauli.

Kusahauliana huku hakukuanzia kwetu. Tuzo za Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, lakini kipengele cha kila mwaka cha mekapu kilikuja kwa filamu za mwaka 1981, na wasusi wakasubiri hadi 2012 ndipo nywele zikaingizwa kwenye jina la kipengele hicho. Ikiwa sehemu yenye pesa nyingi kiasi kile ilichelewa hivyo, sisi tunaofanya kazi chumbani kwa watu hatuna budi kukumbushana wenyewe.

Kabla ya kumtaja mwenzako, muulize anataka atajwe vipi. Mchoraji mmoja wa Wete atataka jina la biashara yake na namba ya simu. Mwengine atataka aitwe Mama Fulani tu, na mwengine hataki kuonekana mtandaoni kwa namna yoyote. Kumtangaza asiyetaka kutangazwa nako ni kumkosea.

Mimi ni msaidizi saluni. Naweza kuonesha kazi niliyoifanya chini ya fundi wangu?

Unaweza, ikiwa bibi harusi ameridhia, fundi anajua, na unasema wazi sehemu iliyo yako: "Ngozi nimetayarisha na faundesheni nimepaka mimi, macho ni kazi ya fundi wangu." Fundi naye asijifanye kuwa kila kitu ni cha mkono wake. Mwanafunzi aliyepaka nyuso sita za wasimamizi wa bibi harusi tangu saa nane mchana, wakati fundi yuko na bibi harusi peke yake, amefanya kazi inayohesabika, na jina lake liandikwe hata kama bado anajifunza. Wapo mafundi wanaoogopa kwamba msaidizi akijulikana ataondoka na wateja. Ataondoka tu siku moja, naye ukimtaja vyema atakutaja vyema.

Mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zinagongana. Nikiwa nimepatana harusi mbili siku moja, naweza kumtuma msaidizi kwa jina langu?

Huwezi, mpaka mteja ajue na akubali. Kwa vile Ramadhani huwa haina harusi, shughuli nyingi husukumwa kwenye Shaabani na kwenye mifunguo inayofuata Idi, na kishawishi cha kuchukua amana za watu wawili au watatu kwa jioni moja ni kikubwa. Familia iliyokuja Kiembesamaki kukutafuta wewe imelipia mkono wako. Ukimtuma mwengine, mwambie mteja ni nani, muoneshe kazi zake, na bei ipungue kama kawaida yako ni kumlipisha chini mteja wa msaidizi. Akikataa, mrudishie amana yake yote, mapema ya kutosha kumwezesha kupata fundi mwengine. Kumfikishia habari hizo asubuhi ya harusi ni kumlazimisha.

Nikiiga mapambo ya fundi mwengine, nimeiba?

Kisheria jambo hili lina utata kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri lililohusu rangi za usoni za mwimbaji Adam Ant, ilikataa kuzihesabu rangi hizo kuwa mchoro wenye hakimiliki, kwa hoja kwamba mchoro lazima uwe juu ya kitu, na rangi ikiondolewa kwenye uso hapabaki mchoro. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho mjini New York, ikisikiliza madai juu ya sura za paka katika tamthilia ya muziki ya Cats, ilikubali kwamba ubunifu wa mekapu unaweza kulindwa. Mahakama mbili, swali lile lile, majibu mawili. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, mbali na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, na inasimamiwa na COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Mwenye mgogoro wa kweli aende huko badala ya kutegemea yanayosemwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kimaadili jibu ni jepesi zaidi. Wanja uliovutwa, kope za dhahabu, mdomo mwekundu: haya ni mali ya wote, na hakuna aliyeyazua wiki iliyopita Michenzani. Lakini ukichukua mpangilio mzima wa mtu, kuanzia rangi hadi vito alivyobandika pembeni ya jicho, sema umeutoa kwake. Bibi harusi akikuletea picha kwenye simu na kukwambia "nataka kama hivi", muulize ni ya nani. Asipojua, andika kwamba umefuata picha aliyoileta mteja, wala usijidai umebuni.

Je, kuchukua picha za wapambaji wa Mombasa au Dubai na kuziweka kwenye ukurasa wangu ili kuvutia wateja kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, na ndio ninaouchukia kuliko yote yaliyomo humu. Aliyeiga amefanya kazi angalau. Huyu hakufanya kitu. Mteja analipa amana kwa mkono asioujua, kisha siku ya harusi anakaa mbele ya mtu ambaye hajawahi kupaka macho ya aina ile. Siku hizi mtu huitafuta picha intaneti kwa kuipandisha yenyewe na kuona ilikotoka mwanzo, kwa hivyo anayefanya hivi hafiki mbali. Ukitaka kuwaonesha wateja mtindo ulioupenda, taja mwenye kazi juu kabisa ya maelezo, na uandike kuwa si kazi yako. Kuweka jina lake mwisho, chini ya alama ishirini za maua, ni sawa na kutomtaja.

Hoteli imetumia picha ya harusi niliyoipamba na haikunitaja. Niwafanyeje?

Harusi za wageni za ufukweni, Nungwi, Kendwa au Paje, zina kawaida zake: mwandalizi ndiye anayempanga mpambaji, mpiga picha hutoka nje, na picha hutumiwa na hoteli kwa matangazo mwaka mzima. Ukisubiri hadi picha itoke ndipo udai, umechelewa, kwa hivyo jambo hili liandikwe kwenye makubaliano pamoja na bei. Sentensi moja inatosha: kila picha ya kazi hii itakayotangazwa itaambatana na jina la mpambaji.

Kama hukuandika, anza kwa ujumbe wa faragha na wa adabu kwa anayesimamia ukurasa, ukitaja tarehe ya harusi na ukiambatanisha jina unalotaka liandikwe. Mara nyingi ni usahaulifu, na hurekebishwa. Wasipojibu, mwandikie mwandalizi aliyekupanga. Kuwatukana hadharani kutakupa watazamaji wa siku mbili na kukukosesha kazi za msimu. Ujue pia tofauti iliyopo: Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, na mkataba huo unampa mtunzi wa kazi haki ya kutambuliwa hata baada ya kuuza haki nyengine. Lakini kwa picha, mtunzi anayetambulika bila ubishi ni mpiga picha, ilhali nafasi ya mpambaji haiko wazi hivyo. Ndiyo maana makubaliano ya maandishi yanatufaa sisi zaidi kuliko wao.

Naombwa nipambe bure, malipo yawe kutajwa. Nikubali?

Ukitaka mwenyewe, ni hiari yako. Ila kutajwa ni haki inayofuatana na kazi, ilipwe isilipwe, na kwa hivyo haiwezi kuwa bei yake. Faundesheni na kope ulizonunua Darajani hazikununuliwa kwa sifa.

Kuhariri picha kunaruhusiwa?

Kurekebisha mwanga, ndiyo. Kulainisha ngozi kwa filta mpaka vinyweleo vipotee, kisha kuandika kuwa ni kazi ya mkono wako, ni kuuza kitu usichokuwa nacho, na mteja anayefuata atakuja na ngozi halisi akitaka ile ya filta. Ubaya zaidi ni kumng'arisha bibi harusi mweusi. Picha ya "kabla", ambayo huonesha chunusi na makovu, isitolewe bila ruhusa yake maalumu, hata kama ile ya "baada" ameiruhusu.

Mteja anataka piko, yaani rangi nyeusi ya kuchorea mwilini, au krimu ya kumng'arisha kabla ya harusi. Ni haki yake kuchagua?

Kuchagua ni haki yake, lakini si lazima mkono uwe wako. Hina itokanayo na majani ya mhina hutoa rangi ya machungwa inayoiva kuwa nyekundu ya kahawia, na huhitaji saa kadhaa ili ishike. Rangi nyeusi tititi inayoshika haraka kwa kawaida ni dawa ya nywele iliyokorogwa, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye dawa za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 wakati wa kupaka, na haiiruhusu kupakwa kwenye ngozi. Inachofanya kwa baadhi ya watu kinajulikana: baada ya siku chache mstari ule ule wa ua lililochorwa huinuka, huwasha, kisha hutoa malengelenge, na kovu huweza kubaki likiwa na umbo la ua. Mwili ukishaikataa mara moja huendelea kuikataa, na mwanamke huyo anaweza kuvimba uso miaka kadhaa baadaye kwa kupaka dawa ya nywele tu. Najua piko ni pambo letu na harusi nyingi haziendi bila ya weusi wake. Nasema tu kwamba mchoraji anayeitumia amwambie mteja ni kitu gani, amuulize kama amewahi kuwashwa na dawa ya nywele, na asiwapake watoto hata wakililia.

Krimu za kuchubua zina maelezo mafupi zaidi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ni mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, uliweka ukomo wa mwaka 2020 kwa utengenezaji na biashara ya nje ya vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, isipokuwa baadhi ya vipodozi vya macho. Na kwa upande wetu Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, ndio unaosimamia vipodozi. Kopo lisilo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji lisiingie kwenye mkoba wako. Mteja akikuomba umtafutie, mwambie hapana, na akienda kwa mwengine mwache aende.

Vipi kuhusu swala?

Panga saa zako kwa kufuata swala, usimpange mteja akufuate wewe. Muulize mapema kama anaswali siku hiyo, umalize kumwosha na kumtayarisha ngozi kabla ya alasiri, na umwachie muda wa kutia udhu ndipo uendelee. Usimwambie kwamba faundesheni fulani "inapitisha maji" kwa sababu tu muuzaji amekwambia hivyo. Hilo ni suala la kumuuliza shekhe, nawe huna elimu ya kumbebea mtu swala yake.

Na yanayosemwa chumbani wakati wa kupamba?

Hayatoki.

Je, kuna mfano wa makubaliano ninaoweza kuutumia?

Maneno yafuatayo yanatosha kwa harusi ya kawaida, na yanaweza kutumwa kama ujumbe wa simu mradi mteja ajibu mwenyewe:

"Mimi, mpambaji, nitafanya kazi hii kwa mkono wangu, na kama kuna msaidizi nitamtaja kwako kabla ya siku ya harusi. Nimekueleza vipodozi nitakavyotumia, nawe umenieleza vitu ambavyo ngozi yako haivitaki. Picha nitakazoruhusiwa kupiga ni: hakuna, mikono, jicho, au uso. Picha hizo zitaonekana: kwangu tu, kwa wateja wanawake saluni, au mtandaoni. Unaweza kubadili ruhusa hii wakati wowote, nami nitaondoa picha ndani ya siku moja. Wewe au mpiga picha wako mkitangaza picha za kazi hii, mtataja jina langu na majina ya mafundi wenzangu kama nilivyoyaandika hapa chini."

Hapo chini andika majina yote, na mbele ya kila jina andika kazi aliyoifanya. Mteja ajibu kwa kuchagua kifungu kwa kifungu. Akijibu kwa alama ya dole gumba peke yake, mwandikie tena umuulize ni kifungu kipi alichokikubali.